Mwanangu anatoka Chuo cha Mafunzo, nimpokee vipi?

Swali: Daktari, mwanangu wa kiume anatoka Chuo cha Mafunzo, yaani gereza letu la hapa Zanzibar, mwezi ujao baada ya mwaka na nusu. Kabla ya hapo alikuwa akijidunga unga (heroini). Juzi nilipokwenda kumtazama nilimkuta anakohoa na amekonda. Nyumbani nina mjukuu wa miaka miwili. Nifanye nini? *Mama wa Bububu*

Jibu: Mama, kikohozi nitakieleza, lakini kinachonitia hofu zaidi ni unga.

Mwili uliokaa muda huo bila unga huwa haujauzoea tena. Kiasi alichokuwa akikihimili zamani, leo kinaweza kumkata pumzi. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulionesha kuwa katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa ilizidi mara 12 ile ya wakaazi wengine, na sababu kubwa ilikuwa dawa za kulevya kuzidi mwilini. Mbali na kwetu, ndiyo, lakini mwili wa binadamu ni huohuo.

Basi mwambie waziwazi kuwa kipimo cha zamani kitamuua. Kumwambia si kumruhusu. Usimfukuze wala usimfungie chumbani. Anayejidunga kwa kujificha hana wa kumwokoa. Nenda mapema hospitali ya Kidongo Chekundu uulizie methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu na kutuliza arosto, yale maumivu ya kuukosa unga. Soba hausi, nyumba wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, nayo husaidia wengi, ila anayetoka huko yumo katika hatari ileile.

Ukimkuta haamshiki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, ambako iko naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Msimtie maziwa mdomoni.

Sasa kikohozi. Watu wengi wakilala chumba kimoja chenye hewa haba, kifua kikuu huenea haraka, na hakibaki ndani: maaskari hurudi kwao kila siku, mahabusu huachiwa, jamaa huja kutazama. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi pamoja na kukonda lazima kipimwe makohozi. Usingoje atoke, omba apimwe hukohuko. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinasema mfungwa astahili matibabu ya kiwango kilekile cha walioko nje, bila malipo, kwa hiyo huombi hisani.

Akikutwa nacho, tiba ya kawaida ni miezi sita, na ni bure. Mjukuu naye apelekwe kuchunguzwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa, wakionekana hawaugui, hupewa dawa ya kinga. Wengi hukatisha dozi siku wanayoachiwa, hasa wanaotoka ghafla kwa msamaha wa Rais wakati wa sherehe za Mapinduzi. Hivyo akianzishiwa dawa hukohuko, omba mapema kadi yake ya matibabu na barua ya uhamisho, uzipeleke mwenyewe kituo cha afya kilicho karibu nawe.