Anko, nisaini au niendelee kuchana mwenyewe?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni konda wa daladala nakaa Mbagala, nachana toka 2018, hip hop ngumu sio hizi za kukata viuno, nina ngoma tisa na zote nimelipia studio kwa hela ya mfukoni. Sasa kuna jamaa kanifata anasema atanisimamia miaka mitano, video atalipa yeye, ila ngoma zote ziwe zake hata zile za zamani. Washkaji wananiambia saini we utatoka, demu wangu anasema niachane na muziki nitafute pikipiki. Nisaini? – Konda, Mbagala

JIBU: Marahaba dogo. Hapa Dar neno andagraundi tunalitumia ovyo, kuna andagraundi wa kusubiri, huyo kila siku anaomba atoke, na kuna andagraundi wa kukaa, huyo yuko huko chini kwa kupenda kwake maana anataka kuchana anachotaka asipangiwe na mtu. Barua yako nimeisoma mara mbili, we ni huyo wa pili ila washkaji zako wanakupigia hesabu za huyo wa kwanza.

Miaka mitano hainitishi, kinachonitisha ni hayo maneno "hata za zamani". Ngoma tisa umelipia we, nauli ya studio yako, usingizi umekosa we, yeye anazitakia nini? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ni yako toka umeitengeneza, na inabaki yako maisha yako yote na miaka 50 juu yake ukishakufa, yani hadi wajukuu wako humo. Unampa mtu hicho kitu kwa sababu ya video ambayo watu wataiangalia wiki mbili? Mwambie za zamani hazimo, zungumzeni zijazo, akinuna hapo hapo basi ushamjua.

Halafu kuna swali hujaniuliza na ndo lenye kisanga, biti ni za nani? Mistari yako sawa, ila aliyegonga biti naye ana chake, na sisi kawaida yetu tunamalizana na prodyuza kwa mdomo, unamtumia hela kwa simu anakurushia ngoma WhatsApp mmeagana kishkaji. Siku ngoma ikiingia kwenye tangazo ndo undugu unakufa. Kamuone sasa hivi mkiwa bado mnacheka, muandikiane nani ana asilimia ngapi, msaini na shahidi awepo. Ukitoka hapo zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikasajiliwe, sio kwamba ndo zinakuwa zako, zako tayari, ila siku ya ugomvi unakuwa na pa kushikia.

Kwenye hela sikudanganyi. Za mitandaoni mtu akisikiliza mara moja unapata kipande cha senti ya dola, na msambazaji naye anakata. Rapa wa ngumu anakula kwenye vishoo vidogo, fulana, na albamu anayomuuzia mtu uso kwa uso. Hata Kwanza Unit, kundi la hip hop la hapa hapa, walipoanza 1993 mjini redio ni RTD tu, yani Redio Tanzania ya serikali, Radio One yenyewe ilikuja 1994, ila mi nakumbuka kanda zilivyokuwa zinaazimana kitaa hadi utepe unachoka, na mwenye kanda ukimchelewesha ni ngumi.

Ukonda usiuache, nakuonea hadi wivu. Mwombe dereva apige ngoma yako saa moja asubuhi gari limejaa, usiseme ni yako, we shika mlango tu uangalie nyuso. Abiria aliyekanyagwa mguu hana sababu ya kukupendelea, akitikisa kichwa yeye ujue kuna kitu. Na shemeji yangu hajakosea sana kwenye pikipiki, kakosea kwenye kuacha muziki, hivyo viwili vinakaa nyumba moja bila shida.

SWALI: Kijana wangu anachana usiku kucha majirani wanalalamika, sasa anataka hela anasema ni ya kujisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa. Ni kweli au ananila? – Mama, Tandika

JIBU: Shikamoo mama. BASATA kweli wanasajili wasanii, hapo hajakudanganya. Ila hela usimpe mkononi, ongozana naye hadi ofisini muulize ada wote wawili, atakununia njiani lakini atakushukuru mbele. Kuhusu usiku, mwambie asimamishe godoro ukutani achanie hapo mbele yake, vijana wengi wanaorekodia geto ndo wanafanya hivyo maana mwangwi unapungua sauti inatoka safi, majirani nao watapumua kidogo. Saa nne ikifika we mdai godoro lako.