Hiyo asilimia 90 imepimwaje?

SWALI: Baba yangu ana miaka 63. Mapigo ya moyo wake hukurupuka bila mpangilio, mara yanatulia, mara yanarudi, na dawa hazijasaidia. Hospitali moja ya India imetuandikia kuwa inatumia mbinu mpya ya umeme, bila kupasua kifua, na inafanikiwa kwa asilimia 90. Tuamini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa mzee. Waulizeni kwanza wanamtafutaje mgonjwa aliyerudiwa na tatizo. Mpapatiko wa moyo, yaani mapigo hayo yasiyo na mpangilio, ukiwa wa kuja na kuondoka haunaswi kirahisi na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya sekunde 10 pale kliniki, na asiyenaswa huhesabiwa amepona. Tafiti makini huacha miezi 2 au 3 ya mwanzo ipite, kisha mpapatiko wowote unaofika sekunde 30 ni kushindwa. Katika utafiti wa ADVENT wa Marekani (2023, wagonjwa 607), mbinu hii ya umeme ilifaulu kwa asilimia 73.3 baada ya mwaka. Mbinu za zamani, za kuunguza au kugandisha misuli ya moyo, asilimia 71.3. Mwaka 2025, utafiti wa Uswisi uliwawekea wagonjwa kifaa chini ya ngozi kinachorekodi usiku na mchana: mpapatiko uliwarudia asilimia 37.1 ya waliotibiwa kwa umeme, na asilimia 50.7 ya waliogandishwa. Sasa hiyo 90 ielezwe imetoka wapi.

Mbinu yenyewe ni nzuri. Katheta, mrija mwembamba, hupitia mshipa wa kinena, hutoboa ukuta wa kati wa moyo, hufika kwenye midomo ya mishipa ya mapafu, ambako madaktari wa Bordeaux walionyesha mwaka 1998 kuwa mpapatiko mwingi huanzia. Mipigo mifupi mno ya umeme hutoboa utando wa seli za misuli ya moyo, zikafa, huku umio (njia ya chakula) ulio nyuma ya moyo ukisalimika kuliko kwa joto. Faida kubwa iko hapo. Hatari zipo bado: damu kujaa kuzunguka moyo, kiharusi, kinena kuvuja damu. Mipigo ikiwa mingi, chembe nyekundu hupasuka na figo huumia, ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji. Mkojo ukiwa mwekundu, wauguzi waambiwe papo hapo.

Kabla ya kukata tiketi, mzee afanyiwe ECHO, yaani ultrasound ya moyo. Huku kwetu mpapatiko wa watu wengi unatokana na vali iliyobanwa baada ya homa ya baridi yabisi, na tafiti za mbinu hii kwa kawaida haziwachukui wagonjwa hao. Vali ikiwa imebana, matokeo hayo hayamhusu, na dawa yake ya kuzuia damu kuganda ni warfarini, INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Utafiti wa INVICTUS (2022) ulionyesha rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda, haiwalindi wagonjwa wa aina hiyo vizuri kama warfarini.

Akitibiwa, dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa angalau miezi 2 au 3. Baada ya hapo uamuzi unategemea umri, presha, kisukari na kama amewahi kupata kiharusi, hata kama anajisikia mzima kabisa.