Kuhusu ile filamu ya Peking, na babu yako

Mwanangu Zuhura,

Sisi wazima, ila goti langu ndilo lile lile. Ile filamu, Peking Opera Blues ya mwongozaji Tsui Hark wa Hong Kong, nimeitazama tena. Umeuliza: filamu hii ya mwaka 1986 inawaunga mkono wanamapinduzi au inawacheka? Nakujibu nilivyokuwa nikiwaambia tangu mko wadogo: kejeli inayomcheka mtu mmoja tu si kejeli, ni matusi.

Ni Beijing, ndiyo hiyo Peking, mwaka 1913. Jenerali mmoja anakimbia kwa sababu askari wanadai mishahara, mwingine anakuja kushika nafasi. Binti wa huyu mpya, nywele kakata kiume na nguo kavaa za kiume, anashirikiana na wanamapinduzi kuiba hati ya mkopo kwenye sefu ya baba yake mzazi. Mkopo wenyewe haukubuniwa na filamu. Aprili mwaka ule Yuan Shikai, rais wa China, alikopa pauni milioni 25 kwa mabenki ya kigeni, bunge halikuulizwa. Mwisho wa 1915 akajitangaza mfalme, Machi 1916 akaachia, Juni akafa. Sasa vijana wale wanahatarisha roho zao kwa karatasi, na sisi tunajua mkopo ulipita. Huko ni kuwacheka? Labda. Lakini binti yule anavyompenda baba yake huku akimsaliti, pale sikuona mzaha hata chembe.

Ila mimi macho yangu yako kwa Bai Niu, binti wa mwenye kundi la opera. Amekulia nyuma ya pazia, michezo yote anaijua, na jukwaani hapandi kwa kuwa ni mwanamke. Enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme China, wanawake walipigwa marufuku majukwaani Beijing, ndiyo maana wahusika wa kike walichezwa na wanaume, na mmoja wao, Mei Lanfang, alikuja kusifika hadi Marekani. Bai Niu akipanda kwa kujiiba, tunacheka. Baba yake hacheki.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yako.

Mchezo wetu wa shule umeshausikia, najua. Shule ya wasichana watupu, kwa hiyo mkuu wa wilaya nilikuwa mimi: masharubu ya masizi ya sufuria, mto wa kulalia tumboni, fimbo kwapani. Nilitoka nikakohoa tu, kabla ya neno lolote, ukumbi ukaangua kicheko. Wallahi, sijapata kupendwa vile tena, na marehemu baba yako anisamehe. Mkuu wa wilaya mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, anafuta machozi kwa kucheka. Nyuma yake babu yako, karani wake pale bomani. Nilipofika kwenye hotuba ya kuhimiza kilimo huku nashindwa kuinama kushika jembe, nikamwona baba anainuka, anavaa kofia yake, anatoka.

Nyumbani hakusema kitu, hata leo sijui neno lake. Aliona haya binti yake kusimama mbele za watu? Au aliogopea kibarua chake? Kama ni kibarua, namsamehe, alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini bosi mwenyewe alikuwa anacheka! Basi ni haya. Lakini mtu wa haya angeniruhusu kufanya mazoezi muhula mzima? Na mimi nilimcheka mtu mmoja tu siku ile, yule mwenye tumbo. Makarani sikuwagusa. Kwa kanuni yangu mwenyewe yalikuwa matusi, sijui.

Kwa hiyo usinibane niseme filamu iko upande gani. Ningesema iko upande wa Bai Niu, lakini utaniambia nimejisemea mwenyewe.

Shangazi yako mkubwa anashikilia kwamba babu alitoka kuwahi swala ya alasiri. Mwulize ukimpigia. Mchezo ulianza saa nane, na saa tisa ilikuwa haijafika.

Mama yako