Picha Hufuata Nyumba: Nilivyomtambua Mzee wa Ukutani

Tangu utoto wangu Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, mzee wa ukutani alikuwa na jina. Picha yake ya rangi ya mafuta ilitundikwa kwenye msana, ukumbi wa ndani, juu ya kasha la bibi: joho jeusi, kilemba, jambia kiunoni, ndevu nyeupe, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Sote tuliambiwa ni baba yake babu, na kwa jina hilo tukamsomea Fatiha miaka nenda miaka rudi. Kumbe siye. Kulijua hilo kumenichukua karibu miaka miwili, na ikiwa nawe una picha ya namna hiyo nyumbani, ningependa usizunguke kama nilivyozunguka mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa katika kuuliza. Nilimpelekea picha mdogo wake bibi, anayekaa Langoni na aliyeshapita miaka tisini. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nimekuletea picha ya baba yake babu." Akaitazama, akasema, "Naam, mwanangu. Mungu amrehemu." Nikaandika daftarini kwamba amethibitisha. Hakuwa amethibitisha kitu; alinistahi tu. Mzee wa kwetu hamsuti mjukuu aliyekuja kwa adabu. Ukishalitaja jina wewe, mlango umeufunga kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kumwendea mtu, iulize picha yenyewe. Ishushe, ilaze kifudifudi juu ya shuka safi, uipige picha kwa simu mbele na nyuma kabla hujagusa chochote. Usiipanguse kwa maji wala mafuta ya nazi, hata mtu akuapie kwamba rangi itang'aa. Chumvi ya bahari na unyevu vimeshaifanyia ya kutosha.

Mimi nilichukua lenzi ya kukuzia. Karibu na sikio, mahali rangi ilipokuwa nyembamba, nikaona kivuli cha kijivu cha picha ya kamera. Mchoro wetu ulikuwa fotografia iliyokuzwa, ikabandikwa kwenye kitambaa, kisha ikapakwa rangi ya mafuta. Jambo hilo linabadilisha safari nzima, kwa sababu sasa hutafuti mchoraji pekee, unatafuta na studio. Zama zile Unguja kulikuwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, kina Gomes na Coutinho, na kazi zao nyingi zimehifadhiwa. Linganisha kiti, zulia na pazia la nyuma. Vitu vya studio hurudi kwa mteja baada ya mteja, na kiti kikikutana na kiti, umeijua studio. Joho na jambia visikuharakishe kusema alikuwa liwali. Kama kifuani pana nishani, hapo pana habari: nishani ya nyota ya masultani wa Zanzibar ilianza enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Mzee wetu hakuwa nayo.

Nyuma ya fremu palikuwa na kipande cha karatasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mchwa walikuwa wamekula jina lake, likabaki la baba yake, na mwaka: 1318. Tafuta msomaji aliyezoea hati za zamani, kwani mbili na tatu za mkono hufanana sana. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama kumi na moja, basi usiugeuze kwa kujumlisha namba moja tu; tumia jedwali. Mwaka 1318 ulianza Mei 1900 ukaisha Aprili 1901. Nikaufungua msahafu wa upande wa babu, ambao jaladani mwake waliandika vizazi. Mwaka huo baba yake babu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima bila kumwambia mtu.

Kilichonifungua macho ni nyumba yenyewe. Kwa desturi ya waungwana wa Amu, binti akiolewa baba humpa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Nyumba yetu niliipata kwa mama, mama kwa bibi, bibi kwa mamake. Babu aliingia humo na sanduku lake la nguo. Kwa nini basi nilimtafuta mzee wa ukutani kwa kina babu? Kwa sababu ya *bin*. Tunahesabu nasaba kwa baba, kisha tunataka kila uso ukutani uingie humo.

Nikarudi Langoni. Safari hii nilimwekea bibi picha mapajani, nikanyamaza. Akaipapasa kioo. "Si huyu mjombake mama? Yule asozaa. Mama alikuwa akimwombea kila Ijumaa."

Ushahidi wa karatasi ulitoka kwenye kasha la binamu: hati ya mirathi. Hizi ni hazina, kwani sheria yetu ya mirathi humtaja kila mrithi na fungu lake. Marehemu hakuacha mtoto, dada yake mmoja akapata nusu, binamu wa kuumeni wakapata iliyobaki, naye dada akainunua kwao. Baba wa marehemu ni yule yule wa kwenye karatasi ya fremu. Kama kwenu hakuna hati, uliza masjala ya ardhi Mombasa: sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa pwani wapeleke madai yao, na madai yana majina. Aliyeshika cheo mtafute Nairobi, katika ripoti za wilaya ya Lamu zilizoko Nyaraka za Taifa.

Hakuwa na mtoto wa kuitwa *bin* wake, ndiyo maana jina lilipotea, si kwa ubaya wa mtu. Nimeliandika sasa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, pamoja na la dada yake, nikalitia ndani ya bahasha nyuma ya fremu, bila gundi. Ijumaa iliyopita tulimsomea kwa jina lake.