Bakteria huambukiza, huhamisha au hupandikiza DNA?

Swali: Nilipotafsiri makala ya biolojia niliandika kwamba bakteria "huambukiza DNA kwenye seli za mmea". Mwenzangu anataka "huhamisha", na mhariri ameweka "hupandikiza". Lipi sahihi?

Jibu: Nadhani makala yako inamhusu Agrobacterium tumefaciens, bakteria wa udongoni. Tulitazame tendo lake kwanza. Mmea ukijeruhiwa, kidonda hutoa kemikali zinazoamsha jeni za vir za bakteria huyu, yaani zile zinazoendesha kazi yote inayofuata. Kipande kiitwacho T-DNA, uzi mmoja tu badala ya nyuzi mbili, hukatwa kutoka kwenye plasmidi yake ya Ti (duara dogo la DNA lililo kando na kromosomu ya bakteria), kikapitishwa katika mrija wa protini hadi ndani ya seli, kisha kikajichomeka kwenye kromosomu ya mmea. Seli huanza kugawanyika ovyo, na mmea hufanya uvimbe shinani.

"Kuambukiza" hudai ugonjwa: unamwambukiza mtu mafua, humwambukizi DNA. Sema, ukitaka, kwamba bakteria huuambukiza mmea maradhi ya uvimbe. Lakini hata hapo neno halitoshi, maana bakteria wote wakiuawa uvimbe huendelea kukua. T-DNA imeshakuwa mali ya seli.

"Kuhamisha" kuna kasoro ndogo. Anayehama huacha nyumba tupu, ilhali uzi ulioondoka kwenye plasmidi hujengwa upya na pengo halibaki. Hata hivyo "uhamishaji wa jeni" umeshazoeleka, nami nisingeufuta.

Mhariri wako amekaribia zaidi. Mche hutolewa kitaluni ukapandikizwa shambani, figo hupandikizwa mwilini: kitenzi hiki kimebeba wazo la kushika mahali papya, na T-DNA hushika kwelikweli. Ila masikioni mwangu kupandikiza kunataka mpandikizaji mwenye nia. Ndiyo maana ningewaachia neno hili watu wa maabara, wanaoziondoa jeni za uvimbe kwenye T-DNA na kuweka jeni waitakayo, kisha wakamtumia bakteria yuleyule kama mchukuzi. Kwa tendo la asili ningeandika hivi: "Bakteria huiingizia seli ya mmea kipande cha DNA yake, nacho hujichomeka kwenye kromosomu." Usikiache hicho "kipande cha", bila hicho msomaji atadhani DNA nzima imeingia. (Utaona pia nimempa bakteria upatanisho wa viumbe, a-/wa-. Wapo wanaoandika "bakteria hii". Huo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Na kabla hujaniuliza kuhusu "kurithisha": urithi hushuka kwa wazao, na mmea si mzao wa bakteria. Ila mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba viazi vitamu vinavyolimwa vina T-DNA ya Agrobacterium katika jenomu yao, yaani jumla ya DNA yao. Bakteria aliiingiza zamani. Tangu hapo anayeirithisha ni kiazi chenyewe.