Jibu: piko kwa mtoto wa miaka 6
Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 6 anaweza kupakwa piko kwenye harusi ya shangazi yake, mi nasema usimpake kabisa. Piko, ile nyeusi tii inayokolea chapchap, si hina, ni rangi ya kupaka nywele, ina kemikali inaitwa PPD, na Ulaya wameiruhusu kwenye nywele tu tena isizidi asilimia 2, kwenye ngozi marufuku. Ubaya hauonekani siku hiyohiyo, inaweza kupita hata wiki ndo ngozi inaanza kuwasha, malengelenge yanatoka kufuata maua yaleyale aliyochorwa, kovu linaweza kubaki, na akija kupaka rangi ya nywele ukubwani mwili unaikataa vibaya zaidi.

Mpake hina ya majani, ikoroge na ndimu, umpake usiku siku mbili kabla maana inataka kukaa masaa, ukiibandua ni rangi ya chungwa halafu inaiva taratibu inakuwa kahawia, inapendeza sana kwa mtoto. Ila kama ana ule upungufu wa G6PD kwenye damu (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hata hina acha, inaweza kumharibia damu. Na wakitaka kumchora kipepeo usoni, iwe rangi ya uso yenyewe inayotoka kwa maji, sio rangi za kuchorea ukutani, na glita wasimsogezee machoni.