Ruta ya 4G chini ya bati: tatizo si laini

Ndugu, kama ruta inashika vijiti viwili sebuleni na ukiitoa uani vinapanda, adui wako ni bati. Kubadilisha laini hakutasaidia sana.

Fungua ukurasa wa ruta (anwani imebandikwa chini yake) utazame SINR, yaani ishara ya mnara ikilinganishwa na kelele, namba inayosema ukweli kuliko vijiti. Chini ya 5 utasumbuka. Ikivuka 13 umefika pazuri.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ruta ina matundu mawili ya SMA (ya kufungia nyaya za antena za nje). Kisha tafuta antena mbili za kuelekeza, uzifunge kwenye bomba juu ya paa, moja imeinama nyuzi 45 kulia, nyingine 45 kushoto, zote zikitazama mnara mmoja. Zungusha kidogo, subiri dakika moja, mwenzako asome SINR, zungusha tena.

Wengi huharibu kwenye waya. RG58, ule mwembamba, mita 10 tu hupoteza takribani dB 8 (desibeli, kipimo cha nguvu ya ishara) kwenye masafa ya 1800 MHz, yaani karibu yote uliyopewa na antena! Afadhali ruta ikae juu, kivulini, ndani ya boksi lisiloingiza maji, nyaya za antena ziwe mita 1 au 2. Kutoka hapo shusha waya wa Etheneti; huo unafika hadi mita 100.

Inakwama jioni tu huku SINR ni nzuri? Mnara umeelemewa na watumiaji. Elekeza antena mnara mwingine.